Ngazi ya Kushukia Presha

Usiku wa jana niliota kitanda changu kimepata kazi serikalini, na kazi yenyewe ni kunisimamia mimi.

Kabla hamjacheka, niwaeleze nililala na jambo gani kichwani. Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto linamfuata mwenzake. Mara mbili nimepangiwa upasuaji, na mara mbili nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya presha. Mara ya pili Sista Perpetua alinisindikiza mpaka getini, amenishika mkono, huku wagonjwa wake wanamngoja. Sitamsahau. Akaniambia, "Bibi, dawa unameza vizuri na chumvi umepunguza. Kilichobaki ni usingizi. Wewe hulali, ndiyo maana presha nayo inakesha."

Akanipa masharti. Chai ya mwisho iwe alasiri. Redio isikeshe. Nipande kitandani saa ile ile kila siku. Kitanda kiwe cha kulala tu. Na mawazo niyaache mlangoni.

Tarehe ya tatu ilikuwa leo, saa nne asubuhi. Daktari wa macho alikuwa ameshasema presha ikikutwa juu tena, nitangoja mpaka mwakani. Na mimi nina kitukuu, Shani, miezi minne sasa, ninayemjua kwa vidole tu. Watu wanasema ana kishimo shavuni kama cha marehemu mume wangu, Mzee Shekue. Nimekigusa. Sijakiona. Mwakani jicho la kushoto nalo litakuwa limekwenda, na mtoto atakuwa na uso mwingine.

Basi nikalala, na kitanda kikakohoa.

Kimevaa kofia ya kaki. Mguuni kimefunga mhuri kwa kamba ya katani.

"Jina?"

"Unanijua. Umenibeba miaka thelathini na moja."

"Jina, tafadhali. Tuko kazini."

"Mwantumu binti Hoza, mjane wa Shekue."

"Shida yako?"

"Kulala."

Kitanda kinaniangalia kwa upande wa mchagoni. "Bi Mwantumu, barua yangu ya ajira inasema mimi ni kitanda cha kulala tu. Sasa huyu hapa ni nani?"

Ni ungo wa mchele. Kweli, huwa ninachambua mchele kitandani usiku, kwa kupapasa.

"Mimi napita tu," ungo unasema.

"Unapita tangu mwaka juzi," kitanda kinajibu, kisha kinajikung'uta kama kuku aliyenyeshewa. Ungo unaruka. Vitunguu vinaruka. Sweta la Shani ninalolifuma linaruka na sindano zake mbili, linatua wima, linaondoka kwa sindano hizo kama korongo. Chandarua kinapiga makofi.

Mwisho inaanguka chupa ya chai. Inakataa kutoka.

"Mimi nimemweka macho huyu mama kwa uaminifu," inasema. "Hakuna usiku hata mmoja niliomwangusha."

"Ndicho unachoshtakiwa," kinasema kitanda.

Chupa inaanza kulia, na machozi yake ni tangawizi. Nikaingiwa na huruma. Nikaiambia, "Usilie. Njoo saa tisa alasiri, tutakaa uani."

"Na maandazi?"

"Na maandazi."

Ikajifuta mfuniko, ikatoka na heshima zake.

Hapo chumba kikawa mkono wangu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimesimama ndani ya mkono wangu wa kushoto, nao ni barabara pana iliyofagiliwa vizuri, jua la saa sita linawaka. Mbele yangu kuna nyumba ya ghorofa moja, imezungushiwa ule mkanda wa mashine ya presha, unabana na kulegea, unabana na kulegea, kama mtu anayemeza.

Juu, dirishani, yuko bwana mnene amevaa kanzu na viatu vya ngozi, anacheza ngoma peke yake. Chini, mlangoni, ameketi mama mmoja mwembamba na ufagio wa kufagilia vumbi.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?" mama ananiuliza bila salamu. "Mimi ni Presha ya Chini. Yule ni Presha ya Juu. Miaka sita ananichezea kichwani. Vumbi la dari limeniingia machoni."

"Kwa nini hashuki?"

"Muulize ngazi iko wapi."

Naangalia. Kweli nyumba haina ngazi. Kuna vipandio viwili tu, chini kabisa, vinaishia hewani.

Presha ya Juu anachungulia, jasho linamtoka. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Shuka, mwanangu."

"Nashukaje? Ngazi yangu inajengwa ukilala. Saa moja ya usingizi, kipandio kimoja. Hivyo viwili ni vya juzi. Nilijaribu kushukia hivyo nikabaki naning'inia kama shati kwenye kamba! Nataka saba, Bibi. Nipe saba kabla ya saa nne, nitashuka na godoro langu kichwani."

"Na kucheza je? Ukiacha kucheza si utachoka kidogo, ukakaa?"

"Nacheza kwa kupenda? Redio yako hainyamazi! Wewe unaweza kukaa tu watu wanapiga ngoma usiku kucha?"

Tangu Shekue afariki, sijazima redio yake. Ni ile ya betri, ya mkanda wa ngozi. Inazungumza usiku kucha nami nasikiliza, matangazo ya vifo na bei za mahindi, kwa sababu nyumba isiyo na sauti ya mwanamume wake ni kubwa mno.

Nageuka, na redio imekaa kwenye kiti cha Shekue, mkanda begani.

"Shemeji," inaniambia. "Mimi nimechoka."

"Nikikuzima si nitakuwa nimemzima yeye?"

"Yeye alikuwa ananizima kila siku. Taarifa ya habari ikiisha, muziki kidogo, halafu ananizima. Hukujua?"

"Nilidhani unajizima mwenyewe."

"Redio gani inajizima? Alikuwa anaweka ncha ya kanga yako juu ya kitufe, ndipo anabonyeza, ili kile kitufe kisilie kikakuamsha. Miaka yote ile. Nani alikwambia alitaka nikeshe?"

Nilikaa naye miaka arobaini na moja, na jambo hilo sikuwa nalijua. Nikachukua ncha ya kanga yangu, nikaiweka juu ya kitufe, nikabonyeza. Hakikulia.

Juu, viatu vya ngozi vikasimama. "Alhamdulillahi," akasema Presha ya Chini, akaanza kufagia dari.

Mara tuko chumbani tena. Napanda kitandani. Kitanda kinanigongea mhuri kwenye paji la uso: KULALA. Nafumba macho. Nasikia nje vipandio vinaota taratibu kama uyoga. Cha tatu. Cha nne.

"Hodi!"

"Karibu," nikasema.

Anaingia kijana nadhifu, amevua ndala mlangoni. "Shikamoo, Bibi. Mimi ni Wazo la Bati Lililong'oka. Mvua ikinyesha leo utafanyaje?"

"Marahaba, baba. Kaa."

Huko nje, paa! Kipandio cha nne kimeanguka.

"Bibi!" anapiga kelele Presha ya Juu.

"Hodi!"

"Karibu."

Anaingia Wazo la Mbuzi Anayekohoa. Nyuma yake Wazo la Mjukuu Asiyepiga Simu. Nyuma yake Wazo la Maneno Uliyomwambia Shangazi Yako Mwaka Sabini na Nane, mwenyewe ameshakuwa mzee, anatembelea mkongojo. Wote wanavua ndala, wote wanaamkia, wote wanakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuuliza chai iko wapi. Ndala zinajaa mlangoni. Huko nje, paa! Kimeanguka cha tatu.

"Bi Mwantumu," kinanguruma kitanda, "hawa unawakaribisha kwa nini?"

"Mtu amebisha hodi! Nimjibu nini? Nirushe jiwe? Mimi nimelelewa. Kwetu hodi haikosi karibu."

"Masharti yanasema mawazo yabaki mlangoni."

"Na yako mlangoni! Yanabisha hodi, nami nina adabu. Nifanyeje?"

Kitanda kinavua kofia, kinajikuna mchagoni. Nasikia chaga zake zinafikiri.

"Kwenu hodi inabishwa mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mwenye nyumba asipoitika zote tatu?"

"Mgeni anakwenda zake. Akibisha ya nne huyo hana adabu."

"Anakasirika?"

"Kwa nini akasirike? Atajua umelala." Nikajisikia nikilisema hilo neno. "Atajua umelala," nikarudia, nikaanza kucheka, na kitanda kikaanza kucheka, tukatikisika sote wawili mpaka mawazo yakashikana yasianguke.

Miaka sita! Miaka sita nimejua jambo hilo nikiwa nimesimama kwenye milango ya watu, na mlangoni kwangu sikulikumbuka.

Nikawaambia wageni, "Wanangu, na wewe mzee wangu, nimewaona. Nendeni, mje mchana." Wakanyanyuka. Hakuna aliyenuna. Wazo la Mbuzi hata lilinifunika miguu kabla ya kutoka.

Nikalala tena. Cha tatu kinaota. Cha nne. Cha tano.

"Hodi." Nakaa kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. Mtu anaondoka, anasema kwa mwenzake, "Kalala, tusimsumbue." Cha sita.

Kisha ikaja hodi ya sauti ndogo sana.

"Hodi, Bibi. Mimi ni Wazo la Leo."

Nikalijua. Lilikuwa limenizunguka wiki nzima. Lilikuwa limebeba kisu cha daktari kwenye leso safi, na swali: jicho likifunguliwa, kisha lisione? Ukimtazama Shani usione kitu?

Ulimi wangu tayari umeshasema "ka". Nikauma kanga. Nje, huku amezikumbatia mbao za dirisha, Presha ya Juu anaomba kimyakimya. Presha ya Chini ameshika ufagio wake kama mshumaa.

"Hodi," likasema mara ya pili. Na nitawaambia kweli, lilisema kwa upole. Halikuwa wazo baya. Lilikuwa linaogopa kukaa peke yake nje.

Nilitaka kulikaribisha kuliko yote. Nikamkumbuka Shekue na ncha ya kanga, kidole chake kikubwa kinabonyeza bila kelele, ili mimi nilale.

"Hodi."

Nikalala.

Halafu likasema kupitia upenyo wa mlango, "Vizuri, Bibi. Nitakukuta hospitali saa nne, sista akiwepo. Pale tutaulizana vizuri." Nikasikia linainama. "Hizi ndala walizosahau wenzangu nimezigeuza zote zitazame nje, wakirudi wazivae bila kukuamsha. Na zako nimezigeuza pia, maana najua huzioni."

Cha saba kikaota.

Presha ya Juu akashuka. Amebeba godoro kichwani na viatu mkononi, ananyata kwa soksi, na katika kila kipandio anasema "samahani". Alipofika chini Presha ya Chini akamwonyesha mkeka. "Lala hapo," akamwambia, "na ukikoroma utanitambua."

Kitanda kikavua kofia, kikazima jua.

Nikaamka. Mwanga ulikuwa umeshajaa dirishani, na Rukaya, mke wa mjukuu wangu, amesimama pembeni na Shani begani na mashine ya presha mkononi.

"Bibi! Umenitisha. Nimebisha hodi mara tatu hukuitika, nikaenda zangu. Nimerudi nakuta bado unakoroma. Na redio yako imekufa? Sijaisikia usiku kucha."

"Nimeizima."

Nikahisi ananiangalia kama mtu aliyeambiwa kuku kasoma. Akamweka Shani kifuani pangu, akanifunga mkanda. Ukabana, ukalegea. Rukaya akasoma, akapiga mashine kofi dogo, akapima tena.

"Mia moja thelathini na nane," akasema polepole, "kwa themanini na nne." Halafu akapiga kigelegele mpaka Shani akashtuka. "Inuka, mke mwenzangu! Inuka tuwahi saa nne!"

Nikainuka. Mlangoni nikanyosha mguu kutafuta ndala. Kila asubuhi ya Mungu napapasa hapo kwa vidole vya miguu, kwa kuwa jioni ninazivua nikiwa naingia, nazo zinabaki zimetazama ndani. Inabidi nishike ukuta nizungushe moja, kisha nyingine. Rukaya akiwepo hunigeuzia.

Leo miguu iliingia yenyewe, wa kulia na wa kushoto, bila kupapasa.

"Ahsante kwa kunigeuzia ndala, mwanangu."

"Ndala gani, Bibi?" akasema Rukaya. Nikamsikia anainama. "Mimi nimeziruka tu, nina mtoto. Ila sasa... hata zangu zimegeuzwa."