Ndege Aliyetokea Nyuma ya Mgongo

Mume wangu Teck Huat ni mbishi, na ubishi wake nimeula tangu siku ya harusi. Lakini alichofanyiwa na Yeoh na wenzake pale mikokoni, loh, hata mbwa hatendewi.

Jicho lake la kulia lilishakufa kwa presha ya macho. La kushoto, daktari alisema litamvusha msimu huu wa ndege, basi. Kabla giza halijamkuta alitaka kitu kimoja tu: kumwona Barakoa, yule ndege wa majini mwenye uso mweusi, anayejificha kwenye mizizi ya mikoko na kulia kama maji yanayochemka. Tangu astaafu anamtafuta. Hata picha akikosa, amwone tu.

Kwenye kundi letu la wapiga picha za ndege, anayempata ndege mpya huwalisha wote kiamsha kinywa. Jumapili moja Yeoh, daktari wa meno mwenye majivuno marefu kuliko lenzi yake, alificha kispika kidogo kwenye matete, akawasha sauti ya Barakoa kwa simu. Teck Huat akaingia kwenye tope hadi mapajani. Akaona gogo linaelea, akajua ndiye.

"Nimemwona! Swee Lan, nimemwona!" Alilia, mtu mzima na mvi zake.

Wakaenda kwa muuza roti kanai, zile chapati za tabaka, wakala, wakaongeza mchuzi wa dengu, na chai ya maziwa juu yake. Walipokwisha kupangusa midomo ndipo Yeoh akakiweka kispika mezani, akakibonyeza.

"Mjomba, ndege wako huyu hapa. Mpeleke nyumbani, hali chakula kingi."

Walicheka mpaka wakagonga meza. Teck Huat akalipa.

Wiki iliyofuata nilimsihi tusiende.

"Nikibaki nitaangalia nini, ukuta?"

Tukaenda. Alikaa peke yake mbele ya kibanda cha kuvizia, kawapa mgongo wenzake waliokuwa ndani, anatazama ndege korongo. Nyuma yake ile sauti ikaanza.

"Zimeni takataka yenu," alisema.

"Mjomba, si sisi!" Yeoh alinong'ona, na uso ulikuwa umembadilika.

Nikachungulia. Barakoa alikuwa ametoka kwenye mizizi, miguu ya kijani kibichi, anakanyaga tope taratibu, karibu kabisa na mgongo wa mume wangu. Kamera zikaanza kutatarika.

"Geuka, Huat! Safari hii ni kweli, geuka!"

"Na wewe wamekununua?" Akakaza shingo.

Ubishi huo! Nikamkimbilia nimgeuze kwa nguvu. Ndege akashtuka, akatumbukia majini, akapotelea mikokoni.

Yeoh akaja anatetemeka kwa furaha, eti amwonyeshe Mjomba picha. Nikausukuma mkono wake, nikamnong'oneza.

"Toka hapa kabla sijaitosa majini hiyo kamera yako. Na ole wake atakayemwambia ndege alikuwa nyuma yake!"

Garini, mimi nikiendesha, Teck Huat akanigeukia.

"Swee Lan, usinifiche. Alikuwa yeye?"

Nikisema ndiyo, angeingia gizani akijua alimpa mgongo.

"Hakukuwa na ndege. Tulikuwa tunakutania."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akaniambia nisimamishe gari. Akashuka, akapapasa mlango, akaenda kukaa kiti cha nyuma.