Swali la Mwisho la Bwana Pruitt

Kwa miaka sita Everett Lindqvist alipanga chumba changu cha juu hapa Pittsburgh, na kwa miaka hiyo sita kila jioni alinifundisha hesabu mezani. Mimi shule niliachia darasa la sita, sikuambulia kitu. Lakini nilijua mahali pa kutikisa kichwa, na yeye alikuwa akisema chuoni alikofundisha hakuna anayetikisa vizuri kama mimi. Hesabu isiyo na wa kuambiwa, alisema, ni kama kupika sufuria ya pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, ukaimwaga.

Idara ya ujasusi ilikuwa ikimwinda muda mrefu ili imwajiri. Mara mbili aliwakatalia. Mara ya tatu wakamwonjesha fumbo walilo nalo wao tu, na tangu siku hiyo chakula kikawa kinapoa mbele yake.

"Naitaka hiyo kazi, Bi. Stasia," aliniambia. "Naitaka mpaka naona aibu."

Nikamwambia ale kwanza.

Ndipo akaja Bwana Pruitt wa idara hiyo, suti ya kijivu, daftari magotini. Kazi yake ni kuzunguka kwa majirani na wenye nyumba, akichunguza tabia za hao wanaotaka kuajiriwa. Nilimpa keki. Alimaliza vipande vitatu ndipo akaanza kulalamika.

"Hawa wanahisabati wananizeesha, mama. Mwaka jana mmoja alikataa kwa sababu ya paka wake. Mwingine alikubali, kisha akataka ruhusa ya kwenda kuwasimulia wenzake alichogundua. Ruhusa, hebu fikiria."

"Na huyu wangu?"

"Huyu ndiye tunayemtaka hasa. Limebaki swali moja." Akafuta makombo. "Ana tabia ya kuzungumzia kazi yake na watu wa nje? Jibu taratibu. Kumdanganya mtu wa serikali ni kosa."

Mimi nimesema uongo maisha yangu yote, kwa mchezo tu. Marehemu mume wangu nilimpunguzia umri wangu miaka minne, akazikwa hajui. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ukweli ulikuwa upande wangu. Ningesema tu: kila jioni, bwana, mpaka nasinzia. Wangemkataa, Everett angebaki, na kiti chake cha dirishani jikoni kingebaki na mtu.

"Huyo?" nikasema. "Hata chumvi akiitaka hunyoosha kidole."

Bwana Pruitt akaandika. Keki iliyobaki nikairudisha kabatini.

Everett alihamia Maryland, kwenye kazi yake mpya, mwezi wa nane. Hunipigia simu kila Jumapili nikitoka kanisani. Ananieleza mvua ya kwao, namweleza ya kwetu; kazi yake haruhusiwi kuitaja.

"Kuna anayetikisa kichwa huko?" nilimuuliza Jumapili iliyopita.

"Kila mtu ana chumba chake, Bi. Stasia. Na mlango wake."

"Basi nieleze ile ya zamani, ya namba tasa. Ile ulishaichapisha, si siri ya mtu."

"Umeisikia mara mia."

"Na mara mia sikuelewa. Anza."

Akaanza, kwanza kwa kusitasita, halafu mbio mbio kama alivyozoea, maneno yakikanyagana. Nikakivuta kiti chake nikakaa, simu sikioni, nikawa natikisa kichwa peke yangu jikoni, pale pale panapostahili.