Mkanda wa Blanketi

Mwaka ule mafundi wawili walipofia ndani ya tangi, wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya kula waliomba kitu kimoja tu: feni za kutoa hewa chafu. Waliomba kwa mdomo, wakaomba kwa maandishi, wakaomba kwa kugoma wakichomwa na jua. Wakaletewa mikanda. Mikanda ya kuvaa kiunoni, yenye kidude kinachojua kama mtu anasogea au ametulia. Wakubwa wakapiga nayo picha, wakatabasamu. Tangi likabaki na hewa yake ile ile.

Dada alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kutazama skrini. Kompyuta iliiuliza hifadhidata swali moja, sekunde hadi sekunde: nani ameacha kusogea? Jibu lilikuja papo hapo, jina na idara yake, likiwaka jekundu. Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, alikuwa msafisha matangi, na jicho la Dada halikucheza mbali na jina lake.

Mchana mmoja jina la mdogo wake likageuka kijivu: mkanda uko kwenye chaji. Dada akashusha pumzi. Mkanda ukiwa kwenye chaji, mwenyewe yuko nje anapiga soga.

Muda si muda, jina la mtunza stoo likawaka jekundu.

"Blanketi keshajifunika," alisema mwenzake wa meza ya pili, mama mtu mzima aliyekuwa akimenya chungwa. Blanketi ndilo jina walilompa mtunza stoo, mtu wa kusinzia hata amesimama. Haukupita mchana bila kuwasha taa hiyo.

"Nimpigie?"

"Umwamshe ili iweje, mwenzangu? Huko anaota mshahara umepanda. Mwache afaidi."

Dada akacheka, akabonyeza "Nimeona". King'ora kikanyamaza. Wakala chungwa wakimsengenya msimamizi na viatu vyake vya kubana.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Blanketi mwenyewe, macho makavu.

"Jamani, na mimi nigawieni. Leo hata usingizi umenisusa."

Dada alimtazama kiunoni. "Mkanda wako uko wapi, kaka?"

"Nimemwazima mdogo wako. Wake umekata chaji, na msimamizi hamruhusu mtu kuingia tangini bila mkanda. Mimi stoo kule niogope nini, kuangukiwa na mag..."

Dada hakumsubiri amalize. Kiti kilianguka nyuma yake. Alikimbia akipita kwenye mapipa, akipiga kelele "Tangini! Tangini!" mpaka sauti ikamkauka.

Walimtoa kwa kamba. Mwili ulikuwa bado na joto, na joto lile ndilo lililomkata maini Dada, maana lilimweleza waziwazi kwamba hakuwa amekwenda mbali. Alimfuta mafuta usoni kwa kanga yake. Alimwita kwa jina la utotoni, polepole, kama anayemwamsha aende shule.

Meneja alifika akiwa na simu mkononi. "Mfumo umefanya kazi," alisema. "Taarifa ilikuja kwa wakati. Bahati mbaya marehemu hakuvaa mkanda wake."

"Wake mliambiwa haukai na chaji," Dada alisema bila kuinua uso. "Na feni mliombwa tangu wale wa kwanza. Mnawakumbuka, au mmeshawasahau?"

Meneja akajibu simu ambayo haikuwa imelia.

Walipokwisha kumpakia kwenye gari, Dada alirudi kwenye chumba cha skrini kuchukua mkoba wake. Skrini haikuwa na habari. Mdogo wake alikuwa amegeuka kijani: chaji imejaa, tayari kwa kazi. Chini yake Blanketi alikuwa bado mwekundu, hajasogea.

Mtunza stoo alisimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Dada yangu, nisamehe. Lakini nitoe pale. Nikijiona pale najihisi nimekufa."

Dada alishika kipanya. Kidole kikamgomea.

"Yule si wewe, kaka," alimwambia. "Yule ni wetu. Mwache kwanza akae pale. Mama bado hajaambiwa."