Nati Iliyowashinda Mafundi Watatu

Kama kungekuwa na fundi mwingine duniani anayeijua injini ya lori langu, nisingempigia simu mtalaka wangu. Nilimpigia saa moja na nusu asubuhi, nikamwambia maneno manne tu: "Klachi ya feni imegoma." Akacheka. Kicheko chenyewe nakijua, nimelala nacho miaka kumi na moja.

Klachi hiyo, inayoizungusha feni ya kupoza injini, ilikuwa imekufa. Feni ilizunguka kivivu, na nikipanda hata mlima wa kitoto injini inachemka. Klachi mpya ninayo, imekaa kwenye boksi lake juu ya tairi, lakini ile ya zamani haitoki. Imeshikwa na nati moja kubwa kwenye pampu ya maji, na ile nati ilikuwa imeapa. Kipara, mwenye gereji, aliinamisha kichwa cha lori, akashusha rejeta, akaipulizia nati dawa ya kutu, akaichoma moto, akaigonga nyundo. Mwisho yeye na mafundi wake wawili wakachomeka bomba kwenye mpini wa spana, wakalisukuma juu kwa pamoja. Spana ikapasuka. Nati ikatulia pale pale, haina habari na mtu.

Nami nilikuwa na mpaka saa sita mchana. Ghala ninalobebea mizigo lina orodha ya malori, na anayekosa zamu mara tatu jina linakatwa. Nilishakosa mbili. Mwenye orodha hana huruma na hana mjomba, na nje ya geti lake yamejipanga malori yanayoomba nafasi. Jina likikatwa, lori langu ni banda la kuku, na mimi na wanangu tunarudi nyumbani kwa kaka yangu, ambako wifi anahesabu matonge mtu akila.

Mtalaka akafika saa tatu, mkoba wa vifaa begani, hana haraka. Akawasalimia mafundi mmoja mmoja kwa mkono. Mimi akanipita kama nguzo.

"Si ndiye huyu aliyeua injini ya kwanza?" fundi mmoja akamwambia mwenzake, kwa mnong'ono wa kusikika makusudi.

Wote waliijua hadithi hiyo, kwa sababu mimi ndiye niliyeitembeza. Injini ya kwanza iliungulia barabarani, na kila aliyeuliza nilimwambia kwamba mume wangu alifunga rejeta vibaya. Tangu hapo hakuna gereji iliyomkabidhi lori. Sasa anatengeneza majenereta na pampu za visima. Ukweli ni kwamba sindano ya kipimo cha joto ilipanda mpaka kwenye nyekundu, nikaiona kwa macho yangu haya, nikaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu nilitaka kufika kabla ya wenzangu. Yeye anajua, na mimi najua. Hakuna wa tatu.

Akainama, akaigusa nati kwa kidole. "Nani amevunja spana?"

"Mimi," Kipara akasema.

"Nguvu unazo." Kisha akanigeukia. "Bosi, njoo mara moja."

Tukasimama nyuma ya gurudumu.

"Hiyo ni kazi ya dakika tano," akasema. "Lakini kwanza waambie hawa nani aliyeua ile injini."

"Umekuja kufanya kazi au kunikalia kooni?"

"Vyote viwili."

"Taja kingine."

"Sina kingine. Miaka minne nimemeza. Leo uteme wewe."

"Sisemi."

"Basi saa sita itakukuta hapa hapa. Mimi sina haraka."

Nilimchukia pale pale. Angenitukana ningejua pa kumshika. Lakini alikuwa anadai haki yake, tena kwa adabu, na hilo ndilo lililonichoma.

Nikatazama saa, akadhani nimelegea. Akarudi kwenye injini, akatoa spana yake ndefu, akaivika kwenye nati, mpini ukaelekea kushoto, akaweka bega chini yake tayari kusukuma juu. Halafu akakumbuka kwamba amegoma. Akaiacha spana inaning'inia, akaketi juu ya debe. "Nakusubiri," akasema.

Lakini nilikuwa nimeshaona. Wengine wote walielekeza mpini kulia wakasukuma juu, kama nati yoyote inavyofunguliwa. Mdomo wa fundi unaweza kununa, mikono yake haijui kununa. Ndipo nikakumbuka: alipofunga injini ya pili pampu ya aina yetu haikupatikana, akaweka ya lori la aina nyingine. Siku hizo tulikuwa hatusemeshani. Akafunga kimya kimya, na wiki iliyofuata akahama nyumbani. Nati ya pampu ile inafunguka kule ambako nyingine zinakazwa. Tangu jana tulikuwa tunaikaza.

Nikasogea, nikaweka bega langu chini ya mpini. Akainuka kutoka kwenye debe. Nikasukuma juu kwa nguvu zote nilizonazo na nyingine za hasira. Nati ikalia mara moja, ikaachia.

Kipara akapiga bodi la lori kwa kiganja, anacheka. "Fundi mzima kapigwa bao na dereva."

Mtalaka wangu hakumjali. Akanisogelea, akasema polepole, "Imetoka. Sasa hulazimishwi na mtu. Sema tu."

"Aseme nini?" Kipara akauliza.

"Muulize ile injini ya kwanza ilikufaje."

Kipara akanigeukia, grisi mpaka viwikoni, tabasamu bado liko usoni. Mafundi wawili wakaacha walichokuwa wakifanya. Ilikuwa bado saa tatu na ushei. Klachi mpya na rejeta vingefungwa na muda ungebaki. Sikuwa na cha kupoteza tena, na yule mtu alikuwa ananitazama kwa kuniamini, kama alivyonitazama siku tulipolinunua lori.

"Si nilishawaambia," nikasema. "Alifunga rejeta vibaya."

Akanyoosha mkono, nikampa spana yake. Akaifuta kwa kitambaa pande zote mbili, akaitia mkobani, akaondoka bila kuaga.

"Ana kiburi huyo," Kipara akasema.

"Ndivyo alivyo," nikajibu. Niliona aibu, na aibu ikanizidishia hasira juu yake.

Nilifika getini robo saa kabla ya saa sita. Mwenye orodha akatia alama kwenye jina langu, akachungulia dirishani.

"Nilisikia umekwama kwelikweli. Nani amekutoa? Shemeji yangu ana malori matatu, anatafuta fundi wa kukaa naye."

Nikamwambia alikuwa fundi wa kupita tu, simjui.