Suruali za Mvua za Matarishi

Mkuu wa stoo alimwaga suruali za mvua mezani, akasogeza fomu na kalamu. "Chagua, dada, tusipotezeane muda. Jumatatu watu waingie barabarani wakavu."

Tarishi hakuigusa kalamu. Damu ilikuwa inamchemka tangu mlangoni. Miaka tisa alikuwa akipeleka vichupa vya damu kutoka zahanati hadi maabara kwa baiskeli, mvua inyeshe, baridi ipige, na kila mwaka yeye, mkongwe wao, ndiye aliyeitwa kuwachagulia wenzake suruali. Mwaka jana alijaribu moja amesimama wima mbele ya kioo, akaona imemkaa, akasaini, huyo akaenda zake. Wiki ya tatu mnyororo ukameza pindo la suruali ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, tarishi mwenzake. Ulimbwaga chini, mguu ukavunjika. Jumatatu hii ndiyo anarudi kazini, na atavaa kitakachosainiwa leo.

Akaingiza baiskeli yake mle ndani, matope na yote. Mkuu wa stoo akatumbua macho.

Alivaa suruali ya kwanza juu ya ile aliyokuja nayo, akapanda, akaegemea ukuta kwa bega na kuzungusha pedali kinyumenyume. Goti lilipopanda, pindo nalo likapanda hadi katikati ya muundi, kiatu kikabaki wazi kupokea maji. Upande wa kulia kitambaa kilikuwa kipana, kikawa kinagusa mnyororo kila mzunguko.

"Hiyo ni kwa sababu umekaa," alisema mkuu.

"Mkubwa, umeshamwona nani anaendesha baiskeli amesimama kama mlingoti?"

Aliitupa kando. Ya pili ilikuwa nyembamba miguuni, ina mkanda wa kubana kifundoni, na ndefu vya kutosha. Mkuu akashusha pumzi. "Haya, hiyo hiyo. Saini twende tukale."

"Bado," alisema, akatoka nayo mvuani.

Alipanda kilima cha nyuma ya jengo kwa baiskeli, akashuka, akapanda tena. Aliporudi meno yalikuwa yakigongana. Miguu ilikuwa mikavu, lakini makalioni alikuwa amelowa chapachapa, maji yamepenya pale pale kwenye mshono wa kukalia.

"Inavuja," alisema. "Mtu akikaa hivi asubuhi nzima, ataganda."

"Sasa wewe unataka ya malaika? Mwenye duka kaleta aina hizi mbili tu. Usiposaini, Jumatatu hawana kitu."

"Basi Jumatatu hawatoki. Vichupa utavipeleka wewe na gari lako."

Mkuu wa stoo alikunja uso. "Mbona mwaka jana hukuwa na maneno yote haya?"

Hilo lilimchoma. Alikuwa amekuja amemkasirikia huyu bwana, kioo chake na haraka zake, na kumbe muda wote aliyekuwa anamkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe.

"Ningekuwa na maneno haya mwaka jana," alisema, "shemeji yangu asingekuwa anachechemea."

Akamrudishia fomu vile vile, bila saini, akavuta kiti, akakaa na suruali hiyo hiyo iliyolowa.

"Mpigie mwenye duka. Nasubiri."