Kigae cha Tabaka la Chini

Siku ya mhadhara wa bintiye, mzee alifika ukumbini kabla hata ya mfagiaji. Miaka thelathini na minne alikuwa amewachimbia mashimo watafiti wa mambo ya kale, mpaka magoti yakamwisha. Leo kitindamimba wake, daktari wa vitabu si wa sindano, angesimama mbele ya umma kueleza yale yale aliyoyafukua baba. Alikaa safu ya kwanza. "Mhadhiri wa leo ni wangu," aliwaambia waliopita, hata wasiouliza.

Binti alianza vizuri. Kisha akaonyesha ukutani picha ya kigae cha buluu cha chombo cha ng'ambo, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Kilitoka tabaka la chini kabisa, lile la kale zaidi, alisema, na kwa hiyo watu wa mji uliofukuliwa pale walianza biashara ya mbali karne mbili kabla ya wakati tuliodhani. Ukumbi ulipiga makofi. Mzee moyo ulimlipuka.

Alikijua kigae kile. Alikiokota tabaka la juu, siku mvua ilipowakurupusha shimoni, akakitumbukiza kwenye mfuko uliokuwa karibu, kumbe ni wa vigae vya tabaka la chini. Alipogundua kosa, lebo zilikwisha andikwa. Kusema kungempotezea kazi, na nyumbani mlikuwa na mtoto wa siku tatu. Akanyamaza. Mtoto mwenyewe ndiye huyu.

"Kuna swali?" binti aliuliza.

Wenzake wa shimoni wote walikwisha tangulia mbele ya haki. Hakuna ambaye angemuumbua. Tena binti alikuwa amekitolea jasho kigae hicho miaka miwili, na kitabu chake kilikuwa kiwandani kikichapwa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mzee alitaka ya bintiye iwe ndefu. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, kigae hicho si cha chini, ni cha juu. Asubuhi moja ya mvua nilikitia mfuko usio wake, nikanyamaza."

Huko nyuma mtu aliguna. Binti alishika ukingo wa meza. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi, aliyoipasua miaka yote hiyo, ilikaa tuli.

"Shimo la ngapi, baba?"

"La tano."

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani hujawahi kunionyesha picha. Nami sijawahi kukuuliza unaandika nini."

Binti alizima picha. "Ndugu zangu, niliyowaambia leo hayasimami tena," alisema. "Nimesoma ripoti zote za mashimo yale. Hamna jina la mchimbaji hata mmoja. Nililitafuta la baba yangu, sikuliona."

Aliteremka jukwaani na daftari lake, akavuta kiti hadi kando ya mzee, akampa maikrofoni.

"Tuanze upya. Tuambie wewe, tangu asubuhi ya mvua hiyo. Mimi naandika."

Kabla mzee hajafumbua kinywa, jina lake lilikuwa limeshaandikwa juu ya ukurasa.