Mzee Wanzagi Ndani ya Goti

Jumanne saa nne asubuhi, Marcelina alilazwa kwenye kitanda cha upasuaji mjini Musoma, akachomwa sindano ya mgongo, akafa ganzi kuanzia kiunoni kushuka. Daktari Raya alimweleza kazi ilivyo. Ndani ya goti kuna utando laini wenye mikunjo, na mikunjo yake ilikuwa imevimba, ikawa inabanwa kila anapokunja mguu. Angemtoboa matundu mawili madogo, moja la kamera, jingine la mkasi.

"Unapigaga magoti sana, mama?"

"Nimeolewa miaka ishirini na sita, daktari," Marcelina alijibu, akaona amejibu yote.

Kwenye ukoo alikoolewa, mke humwamkia baba mkwe kwa magoti, wala hainuki mpaka aitikiwe. Mzee Wanzagi, mkwe wake, hakuwa mtu wa kuitikia upesi. Alimaliza kwanza uji, akavuta ugoro, akawatazama ng'ombe wa jirani wakipita wote, ndipo aseme marahaba. Uungwana gani huo, wa kumwacha binti wa watu juu ya changarawe! Alipofariki, miaka tisa iliyopita, kigoda kilirithiwa na mwanawe Bernado, mume wa Marcelina, pamoja na uvivu wa kuitikia.

Kamera ilipoingia, skrini ilionyesha mfupa mweupe, kisha mkunjo mwekundu. Katikati ya mkunjo alikuwemo Mzee Wanzagi, ameketi kwenye kigoda na koti lake la mvua, mkubwa kama punje ya mahindi.

"Ndiye huyu anayevimbisha," alisema daktari. "Wiki jana nimewatoa wawili kwa mama mmoja wa Bunda."

"Shikamoo baba," alisema Marcelina, akiwa amelala chali.

Mzee hakuitikia. Alikuwa anasubiri magoti.

Mkasi ulikata mkunjo, mzee akatolewa na kigoda chake, akatiwa kwenye kichupa. Muuguzi alitoboa kifuniko ili apate hewa. Jioni ganzi ilipoisha, Marcelina alikunja mguu na goti halikuuma, akalia kwa furaha. Alipewa karatasi yenye muhuri: asipige goti la kulia kwa wiki sita.

Nyumbani Nyegina, Bernado alimpokea baba yake kwa mikono miwili, akamweka uani, chini kabisa.

"Baba hakupendaga kuwekwa juu juu kama redio," alisema.

Sasa kumwamkia mzee kulitaka mtu ainame mpaka kidevu kiguse vumbi. Marcelina alitoa karatasi. Bernado aliisoma mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuheshimu mihuri.

"Imeandikwa la kulia," alisema. "La kushoto halijakatazwa."

Wiki ya tatu goti la kushoto lilianza kulia ka, ka, kama bawaba kavu. Marcelina alirudi Musoma. Daktari Raya aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, na hapakuwa na haja ya kuuliza sana. Ndani ya mkunjo alikuwemo Bernado kwenye kigoda, amekunja nne.

"Huyu naye ni marehemu?"

"Yupo, daktari. Nimemwacha anakunywa chai."

"Aa. Walio hai hatuwatoagi bila saini yao wenyewe. Ndio utaratibu, mama." Akampa fomu, akampa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli.

Marcelina alirudi kwa bodaboda, fomu ameifunga kwenye pindo la kanga. Bernado alikuwa uani, kichupa kando yake. Katika ukoo ule, jambo la kumwomba mume haliombwi kwa kusimama. Marcelina alishusha goti la kushoto, likalia ka, akamwamkia mkwe, akamwamkia mume, kisha akaishika fomu kwa mikono yote miwili na kungoja.

Bernado aliiona fomu. Akainua kikombe, akapuliza. Chai ilikuwa bado ya moto, na kikombe kilikuwa kimejaa.